Mbwa Saba wa Kahawia

“Mtoni. Umewatupa mtoni,” Mama Mapazia alikuwa akisema, “na usinikatize, maana hata katikati sijafika.”

Baba Mikia hakuwa na nia ya kumkatiza mtu. Alisimama upande wake wa ukuta, ukuta ambao ujenzi wake haujaisha na uliomfika kifuani, ameikumbatia ndoo ya maji kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu stendi. Upande wa pili alikuwa jirani yake, futi ya kupimia imening’inia shingoni, pini mbili mdomoni. Kugomba na pini mdomoni bila kuzimeza wala kupunguza sauti ni ufundi, na mtaa ulikuwa umekusanyika kuushuhudia. Aliyekuwa ananyolewa alitoka na kitambaa shingoni na nusu ya kichwa bado. Aliyekuwa anafua alitoka na povu hadi viwikoni.

“Mbwa saba,” Mama Mapazia aliendelea. “Wagonjwa, wamekushinda, ukaona njia ya mkato. Na maji hayohayo watu wanachota.”

Mtu mmoja kundini akachangia kwamba yeye kwa macho yake aliwahi kuona mkia ukielea. Mwingine akasema ule haukuwa mkia, ulikuwa ufagio. Ikawa kesi ndani ya kesi, na huenda wangefika mbali kama mtu wa nyuma kabisa asingekohoa na kusema kwa sauti ya chini, “Afande kaja.”

Wakampisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mwavuli wa kijani alioubeba jua na mvua, na utulivu wa mtu ambaye amekwisha kusikia kila aina ya uongo na sasa anachagua tu ulioshonwa vizuri. Idara ya upelelezi ilikuwa imemwazimisha kwa kamati ya maafa, na kamati ilikuwa imempa kazi moja: mbwa saba wako wapi. Miaka yote ya kazi alikuwa na tabia yake. Penye ugomvi humtazama kwanza anayenyamaza. Alimtazama Baba Mikia kwa muda mrefu. Mzee hakumtazama. Alikuwa anayaangalia maji ndani ya ndoo.

“Saa kumi alasiri kamati inakaa,” mpelelezi aliwaambia wote kwa pamoja. “Itasoma ripoti yangu, itamsikiliza mlalamikaji, itaamua kama makao haya ya wanyama yaendelee kujengwa au kiwanja kirudi kwa baraza. Kwa hiyo naomba mniachie asubuhi yangu.”

Hawakuondoka, ila walirudi nyuma hatua tatu.

Asubuhi za baada ya mafuriko zilikuwa na namna yake. Tope lilikuwa limekauka likageuka vumbi laini kama poda, na jua la saa tatu likilipiga, vumbi lilisimama hewani bila kutua, hata mtu akikatiza mtaani alionekana kama anayetoka usingizini. Kila nyumba ilikuwa na mstari mmoja wa kahawia juu kidogo ya madirisha, umenyooka kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, kana kwamba kuna mtu alipita na rula ndefu. Chini ya mstari ule watu walipika, walifua, walisengenyana, kama samaki ambao hawajaambiwa kwamba maji yameondoka. Juu ya mti mmoja kiti cha plastiki kilikuwa bado kimekaa, na hakuna aliyejishughulisha kukishusha. Watu walikuwa wamekwisha kukizoea.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Miezi miwili nyuma maji yaliyabomoa makao ya Baba Mikia, aliyoyatunza kwa miaka thelathini. Mzee aliwahamishia wanyama wake kwenye ghala la magunia upande wa juu wa mji, na huko njiani akawaokota na wengine waliokuwa wanasombwa. Wakaishi ghalani karibu wiki tatu, mpaka maji ya bomba yaliporudi na kiwanja kikakauka. Daftari la ghalani lilisema mbwa ni ishirini na watatu: kumi na sita wa zamani, wameandikwa kwa majina yao, na saba wa kuokotwa. Wote saba, kahawia. Juzi katibu wa kamati alikuja kuhesabu. Alikuta mbwa ishirini na wawili. Kahawia hata mmoja hakuwapo. Badala yake kulikuwa na mbwa sita wageni, mweusi, mwenye mabaka, wa njano, ambao hakuna daftari lililowajua. Alipomuuliza mzee, mzee alisema, “Andika ulichokiona.” Basi mtaa ukaandika wenyewe: saba wametupwa mtoni, na sita wameokotwa barabarani kujaza nafasi.

Mpelelezi alianza na mlalamikaji.

Mama Mapazia alikuwa jirani mpya. Nyumba yake ya upande wa chini iliondoka na maji, akapanga chumba kimoja kilichopakana na makao, akalala humo na kushonea humo. Mapazia yalikuwa yamening’inia kila upande, ya bluu, ya maziwa, ya waridi, yakikigawa chumba kuwa vyumba visivyo na kuta. Upepo ukiingia, chumba kizima kilivuta pumzi. Sauti ya mwenyeji ilitokea nyuma ya pazia la bluu, kisha ikatokea nyuma ya la waridi, na mpelelezi, aliyeketi kwenye stuli katikati, alihisi kama anahojiana na chumba.

Mama huyo hakuhitaji kuvutwa ulimi. Alieleza kwamba siku maji ya bomba yaliporudi, asubuhi mapema, chai bado iko jikoni, alimwona Baba Mikia kupitia dirisha lile akisukuma toroli iliyofunikwa shuka. Akashika njia ya mtoni. Akarudi na toroli tupu.

“Alikaa muda gani?” mpelelezi aliuliza.

“Nilikata mapazia manne.”

“Mapazia manne ni muda gani?”

“Saa moja na nusu hivi. Mkasi wenyewe ulikuwa butu.”

Mpelelezi akaandika. Kutupa kitu mtoni ni kazi ya kupepesa jicho. Saa moja na nusu ni kazi nyingine. Hakulisema hilo. Aliuliza kama yeye mwenyewe alikuwa na mbwa, kwa sababu kwenye kona, chini ya cherehani, palikuwa na bakuli la bati ambalo si la mtu.

Mapazia yalitulia kidogo.

“Bibi Harusi,” Mama Mapazia alisema. Alitokeza kichwa. “Mweupe pe. Marehemu mume wangu ndiye alimpa jina hilo, alikuwa na utani wake. Siku ya tatu nilifika mlangoni kwa huyu mzee, kule ghalani. Nikamuuliza, una mbwa jike, mzee, mweupe? Akafungua daftari akatazama ukurasa hadi ukurasa, akaniambia hapana, mama, mweupe sina. Kwa hilo simlaumu. Nilimwamini, nikaenda kumtafuta kwingine. Nimezunguka mji huu mpaka viatu vimenikataa.” Akarudi nyuma ya pazia. “Lakini wa wenzangu je? Kuna mtu mahali fulani anamtafuta mbwa wa kahawia.”

*

Makao mapya yalikuwa na paa na hayajapata milango. Ndani, chini ya mabati yanayonukia upya, wanyama walikuwa wamelala usingizi wa kabla ya mchana, wametupwatupwa sakafuni kama nguo: mbwa juu ya mbwa, paka juu ya mbwa, punda mmoja amesimama na macho yamefungwa. Mwanga uliingia kwa vipande kupitia mashimo ya madirisha na kusogea polepole juu ya migongo yao. Sauti ya mwiko wa fundi mwashi ilisikika nje, kwaruu, kwaruu, na kila kwaruu sikio moja mahali fulani lilitikisika.

Daftari lilikuwa mikononi mwa mkwe wa Baba Mikia, mke wa mwanawe, msichana mwenye mwandiko wa kupendeza na heshima ya kupitiliza. Ndiye aliyeandika siku zote za ghalani. Mara maji yaliporudi alienda kumuuguza mama yake, akarejea ujenzi umeshaanza. Mpelelezi alimuuliza kama ana uhakika na alichoandika. Akajibu kwamba baba alitaja, yeye akaandika, na hakuwa mtu wa kumsahihisha baba mkwe wake.

“Hata akikosea?”

“Hasa akikosea, Afande.”

Kurasa zenyewe zilikuwa ngumu kama ngozi iliyoanikwa, zimelowa tope na kukauka. Mpelelezi alizifungua kwa ncha ya kalamu. Mbwa wa kuokotwa, namba moja: dume, kahawia, sikio la kushoto limechanika. Namba mbili: jike, kahawia, hana kucha ya kidole gumba mguu wa mbele. Aliteremka na kalamu taratibu. Paka watano, wote kahawia. Punda, kahawia. Mwisho wa ukurasa palikuwa na mstari uliomfanya asimame.

Bata bukini, mmoja, kahawia.

Akainua macho. Mlangoni palikuwa panapita bata bukini mweupe kama maziwa, shingo juu, akikagua kila kitu kama mwenye nyumba aliyekuja kuwatazama wapangaji.

“Huyu ndiye?” mpelelezi aliuliza.

“Huyohuyo. Hapa hapajawahi kuwa na bata mwingine. Ametuuma wote.”

“Mbona umemwandika kahawia?”

Mkwe alimtazama bata. Akatazama daftari. Akamtazama tena bata, kama mtu anayetambulishwa kwa jirani aliyeishi naye miaka.

“Alikuwa kahawia,” alisema polepole. “Afande, siku zile hata mimi nilikuwa kahawia.”

Mpelelezi alifunga mwavuli wake, ambao hata humo ndani alikuwa hajaufunga, akaomba apewe dakika ishirini na mbwa wageni. Rangi aliiweka kando kabisa. Alipiga magoti vumbini na daftari, akashika masikio, akahesabu kucha, akafungua midomo iliyokuwa inapiga miayo. Mbwa mweusi alikuwa na sikio la kushoto lililochanika. Yule wa njano hakuwa na kucha ya kidole gumba. Mwenye mabaka alikuwa na jino la mbele lililovunjika nusu, kama namba tatu. Waliamka mmoja mmoja, wakamnusa, wakalala tena, na mpelelezi alisogea kutoka ndoto ya huyu hadi ndoto ya yule akitia alama. Wa nne, wa tano, wa sita.

Hakuna mbwa aliyebadilishwa. Daftari la ghalani liliandikwa siku ambazo kila kiumbe alikuwa na rangi moja, rangi ya mafuriko, na bomba lilikuwa halitoi tone. Maji yaliporudi wakaogeshwa, wakatoka walivyoumbwa. Mwandishi hakuwapo. Na mtu aliyeandikisha alikuwa mzee wa miaka thelathini ya kazi, ambaye mbwa wake mwenyewe huwaandika kwa jina, na mbwa mgeni humwandika kwa rangi, kwanza rangi, kwa sababu ndicho kitu ambacho mwenye mbwa huuliza.

Mkwe alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza. Aliuliza basi kwa nini baba hakulisema hilo kwa katibu. Neno moja tu, tope, na kesi ingekwisha.

“Ndicho ninachojiuliza,” mpelelezi alisema, na kidole chake kilikuwa bado juu ya namba saba.

Jike, mzee, kahawia. Jicho moja lina ukungu. Kamba shingoni. Hataki kula.

*

Fundi mwashi alikuwa amesubiri kuhojiwa tangu asubuhi na akaona amecheleweshwa. Kabla hajaulizwa alitoa maoni yake juu ya Mama Mapazia, juu ya kamati, juu ya saruji ya siku hizi. Mpelelezi alimwacha atiririke, macho yake yakifuata ukuta wa nyuma. Ulikuwa ukuta mzuri, umenyooka kama mstari wa daftari, mpaka karibu na kona. Hapo ulipinda. Uliingia ndani, ukazunguka nafasi ya ukubwa wa meza, kisha ukarudi kwenye mstari wake na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

“Usiulize,” fundi alisema. “Miaka ishirini na miwili sijapinda ukuta. Watu wakipita hapa watasema fundi alilewa.”

“Nani alikwambia upinde?”

“Mzee. Nilimvutia uzi, nikamwonyesha, mzee wangu, ukuta unapita hapa. Akasema zungusha. Nikamwambia tofali zitaongezeka. Akasema zungusha. Nikamuuliza sababu, akaniambia maji ya mvua.” Fundi alitema mate pembeni kwa dharau ya kitaalamu. “Maji ya mvua hayaendi huko, Afande. Huko ni mwinuko.”

Mpelelezi aliuliza jambo moja tu zaidi: siku ile bomba liliporudi, kabla ujenzi haujaanza, mtu aliingiaje kiwanjani? Fundi alicheka. Kwa geti haikuwezekana, alisema. Getini palikuwa na mti mzima umelala na friji ya mtu juu yake. Waliuondoa wao, wiki iliyofuata. Kabla ya hapo ungeshuka njia ya mtoni, kisha ukate nyuma, pale ukuta wa zamani ulipobomoka.

Mpelelezi akaishika njia hiyo. Ilikuwa karibu saa saba, mji umenyamaza, hata wasikilizaji wa asubuhi walikuwa wamerudi vivulini. Mto ulikuwa umerejea kitandani mwake, mwembamba, mpole, unang’aa, na ungeapa haujawahi kumdhuru mtu. Kandokando yake tope lilikuwa limekauka na kupasuka vipande vipande kama sahani, na kwa kuwa tangu siku zile mvua haikunyesha na watu waliiacha njia geti lilipofunguka, tope lilikuwa limehifadhi kila lilichokanyagwa nacho. Nyayo za ndege. Ukwato wa mbuzi. Na mfereji mwembamba wa gurudumu moja.

Mpelelezi aliufuata bila haraka. Ulishuka kuelekea mtoni, kama Mama Mapazia alivyosema. Hatua kumi kabla ya ukingo ukakata kushoto. Haukufika majini. Ulipanda hadi nyuma ya kiwanja, ukaingia palipobomoka, ukakoma mbele ya ule mpindo wa ukuta. Kando yake ulikuwapo mwingine, wa kurudi, ambao haukuchimba hata nusu ya ule wa kwanza. Toroli iliingia nzito ikatoka nyepesi, na uzito ulibaki hapahapa.

Ndani ya mpindo palikuwa na nyasi. Mahali pengine pote katika kiwanja kile, na katika mtaa ule, udongo ulikuwa mtupu na vumbi. Hapa nyasi zilikuwa za kijani, fupi, mbichi, zimemwagiwa maji asubuhi hiyohiyo.

Hakupiga jembe. Aliketi juu ya rundo la matofali na kusubiri, na haikuchukua muda, kwa sababu Baba Mikia alikuwa amemwona toka alipogeuka njiani.

Mzee alikuja akaketi tofali la pili. Walikaa kama watu wawili wanaosubiri usafiri uleule.

“Sita nimewapata,” mpelelezi alisema. “Wamelala humo ndani. Kwa nini ulimwacha katibu aondoke bila kumwambia?”

“Angeuliza wa saba.”

“Mimi pia nauliza.”

Baba Mikia alisugua magoti yake. Alisimulia akitazama nyasi. Mbwa yule aliokotwa siku ya kwanza, juu ya paa la choo, anatetemeka. Siku zote za ghalani alilala pembe ya nyuma na homa, hakubweka, hakuinua kichwa. Mzee alimfunika na magunia, alimpa dawa aliyokuwa nayo. Siku maji yaliporudi, alfajiri, alimkuta amekata roho. Akaona haifai kumzika mbwa katika hali ile, na sasa maji yapo. Akamwosha. Aliosha mgongo, tope likatoka. Chini yake palikuwa peupe. Akadhani ni sabuni.

“Nikamwaga ndoo ya pili,” alisema. “Nikamwaga ya tatu.”

Kwenye shingo, ile aliyoiandikisha kamba haikuwa kamba. Aliitoa mfukoni mwa shati: utepe wa kitambaa kizito cha pazia, umeshonwa mara mbili pembeni, na pete mbili za shaba za kutundikia. Mtaani mle alikuwapo mtu mmoja tu anayeshona hivyo.

“Alikuja siku ya tatu,” Baba Mikia alisema. “Alisimama mlangoni, na mbwa wake yuko hatua ishirini kutoka miguuni mwake, yu hai. Nikafungua daftari. Nikamwambia mweupe sina. Angekaa naye siku kumi na tano, Afande. Pengine angepona, mgonjwa akimwona wake. Pengine hapana. Lakini angekaa naye.”

Kwa hiyo akamleta huku, mahali pake pa miaka thelathini, akachimba saa nzima katika tope. Hakujua kwamba dirishani alikuwapo mwenyewe, mkasi mkononi, anamtazama.

Mpelelezi alifunga daftari lake la kazi. Alimweleza waziwazi mambo yalivyo. Kamati ilitaka kujua kama mbwa walitupwa mtoni. Hawakutupwa, sita wapo, wa saba alikufa kwa homa akazikwa mbali na maji. Hiyo ndiyo ripoti, na ilitosha. Wa saba alikuwa wa nani, kamati haikumtuma kuuliza, na yeye hakuwa na desturi ya kujibu asiloulizwa.

“Na nikimwambia?” mzee aliuliza.

“Yeye ndiye mlalamikaji. Saa kumi atasimama mbele yao na kusema lolote atakalo. Leo asubuhi alikuwa anawatetea mbwa wa wenzake, na umesikia sauti yake. Kamati wanamwogopa. Akisema mzee huyu hafai kukabidhiwa hata kuku, watafunga.”

Baba Mikia aligeuka akayatazama makao. Kupitia tundu la dirisha ilionekana migongo, masikio, mkia mmoja unaopiga sakafu usingizini. Aliinuka, akapangusa suruali nyuma, akauruka ukuta mfupi upande wa jirani, kwa namna ambayo mtu wa umri wake hapaswi kuruka.

*

Mpelelezi alibaki mlangoni. Kutoka pale aliona mapazia tu, na kati yake, vipande vya watu: bega la mzee, mkono wa mama, utepe ukipita kutoka mkono hadi mkono.

Mzee alisema kwa maneno machache. Hakuyazungusha, wala hakujitetea kwa tope. Alisema mbwa alikuwapo, alisema pembe gani ya ghala, alisema siku aliyokufa na mahali alipo. Alipomaliza, cherehani, ambayo ilikuwa ikizunguka polepole kwa mguu wa mtu aliyesahau kuutoa, ikasimama.

Upepo uliingia, mapazia yakajaa yakatulia. Mpelelezi alijikuta anahesabu pete za shaba juu ya fimbo.

“Alikuwa anakula?” Mama Mapazia aliuliza hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya asubuhi.

“Mwanzoni hapana. Siku nne za mwisho alikula mkate, nauloweka kwenye maziwa. Mkononi tu. Ukimwekea chini hakubali.”

“Chini hajawahi kukubali,” alisema mama. “Marehemu ndiye alimdekeza.”

Mzee alisema kwamba saa kumi atakuwapo kule kwenye kamati, na kwamba lolote atakalosema mama atalipokea, ni haki yake. Mama Mapazia aliuliza ni nani amekuwa akimwagia maji zile nyasi, maana akienda kuanika mapazia nyuma alikuwa akiona kijani na akadhani macho yake yanamdanganya. Mzee akasema ni yeye, kila asubuhi.

Nyuma ya mapazia sahani ziligongana, kisha pazia la maziwa likasogezwa. Mama Mapazia alisimama hapo, macho mekundu, utepe umezungushwa kwenye kiganja, na nyuma yake palionekana meza ndogo iliyofunikwa kitambaa na mvuke unaotoka pembeni.

“Saa hizi ni saa nane,” alisema. “Umekula wewe?”

Baba Mikia alijaribu kukumbuka. Akasema jana.

“Mtu hawezi kusimama mbele ya kamati na njaa ya jana. Vua viatu, baba, vumbi sitaki. Maji ya kunawa yako hapo nyuma.” Kisha akamgeukia mpelelezi. “Na wewe, Afande, hapo mlangoni unamlinda nani? Ingia, tule. Nimeshapakua sahani tatu.”